Duka la maziwa la Sakina: mtindi nanunua, jibini laini siigusi

Mmekuwa mkiniuliza juu ya lile duka la maziwa lenye mlango wa kijani upande wa Sakina hapa Arusha, ukielekea Ngaramtoni, na hasa kama mashine yao ya kutolea maziwa ni ya kuamini. Maziwa ya mashine nanunua. Mtindi nanunua, na wajukuu wangu wanapewa. Jibini ngumu nakula kidogo. Jibini laini siigusi, na mwenye mimba akiniuliza namwambia apite mbali na lile kabati la kioo. Jina la duka silitaji kwa kuwa nina malalamiko humu, na mwenye duka ni mtu wa kusikia. Wa Sakina mnalijua.

Niseme mapema naongea kama nani. Kabla ya kustaafu nilikuwa mpokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia wilayani Hai. Saa 12 asubuhi niko mlangoni nafungua vifuniko vya makopo, nanusa, natumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, nachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe, kisha naamua: haya yaingie, yale yarudi nyumbani. Kazi hiyo haikupi marafiki. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tunaimba naye kwaya hakunisalimia msimu mzima wa mvua kwa sababu nilimrudishia kopo. Kwa hiyo nikiingia duka la maziwa sitazami rangi ya ukuta wala sare za wahudumu. Natazama makopo, sakafu na mikono.

Makopo yao ni ya alumini, yale ya mdomo mpana unaoweza kuingiza mkono mzima na brashi. Hapo wamepata alama kubwa kwangu. Nilikuwepo asubuhi moja kijana wa bodaboda alipoleta maziwa kwenye dumu la njano la mafuta ya kula, na yule wa mapokezi hakulifungua hata kifuniko. "Kaka, hili tulishakataa. Mwambie mzee akuazime kopo letu." Dumu lina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na ndani plastiki ikishachubuka inashika ukoko mweupe usiotoka kwa kutikisa maji na mchanga. Maziwa mapya yanamwagwa juu ya mabaki ya juzi, na hapo ndipo bakteria wanapopata pa kuanzia. Wengine katika mazingira yanayowafaa wanajigawa kila dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja tu, baada ya saa 5, ni zaidi ya 32,000. Na maziwa yaliyotoka kiweleni sasa hivi, yenye joto la mwili wa ng'ombe, ndiyo mazingira yenyewe.

Mapokezi yao yanaonekana kwa mteja kupitia dirisha la kioo, jambo nililolipenda. Kijana anapima kwa laktomita na anaandika daftarini. Maziwa halisi yanasoma kati ya 26 na 32 hivi; yakishuka chini ya hapo kuna mtu ametia maji. Wengi wanaona kosa la kutia maji ni wizi wa pesa tu. Mimi nilikuwa naogopa zaidi maji yenyewe yametoka wapi, maana mtu anayechakachua hachemshi maji ya kuchakachulia. Baada ya hapo anafanya kipimo cha spiriti: maziwa na spiriti nusu kwa nusu, unatikisa. Yakikata na kushika ukutani vipunje vipunje, yameshaanza kuchacha na hayatavumilia moto.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Vipimo vyote hivi nilivyovitaja, pamoja na pua yangu niliyojivunia miaka yote ile, vinakuonyesha maziwa yaliyochakachuliwa au yaliyochacha. Havikuonyeshi maziwa yenye ugonjwa. Ng'ombe mwenye brusela, bakteria anayepita kwenye maziwa mabichi na kumpa mtu homa, anaweza kusimama bandani amenenepa, anang'aa, anatoa maziwa matamu yasiyo na harufu yoyote, yanasoma 30 kwenye laktomita na hayakatiki kwa spiriti. Pengine dalili pekee ni kwamba mwaka jana alitupa mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi nanunua maziwa mabichi kwa jirani, ng'ombe wake namjua", namuuliza unamjua kwa kipimo cha damu au kwa sura.

Na duka hili maziwa mabichi linauza. Hayapo kwenye ubao wa bei, lakini ukiomba unapewa, shilingi 1,800 kwa lita, wakati ya mashine, yaliyopita motoni, ni 2,500. Wanunuzi wengi ni mama lishe, na kwa hao sina neno. Maziwa yanaingia kwenye sufuria ya chai na kuchemka mpaka yanapanda. Shida ni wale vijana wa mazoezi. Nimemwona mmoja amesimama pale pale kaunta akagugumia nusu lita ya mabichi, anasema ya kuchemsha hayana nguvu. Nguvu gani? Protini na chokaa ya kujenga mifupa ziko pale pale baada ya moto. Zinazopungua ni baadhi ya vitamini, tena kidogo, na maziwa si mahali unapotegemea kupata vitamini C.

Shemeji yangu wa Machame alikuwa na msimamo huo huo wa nguvu. Homa ikamwanza, ya kupanda jioni na kushuka asubuhi, jasho la usiku mpaka shuka zinakamuliwa, magoti na kiuno vinamuuma kama mzee wa miaka 80. Akatibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akatibiwa malaria tena. Mwisho daktari mmoja kijana akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: mzee, maziwa unakunywaje? Ilikuwa brusela. Alikunywa dawa za aina mbili kwa wiki 6 mfululizo. Simlaumu mtu hapa, homa hizi zinafanana kweli. Kuna utafiti wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali mbili za Moshi, ulichapishwa mwaka 2013: zaidi ya nusu yao walikuwa wamehesabiwa wana malaria, na waliokutwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Brusela ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyojificha nyuma ya jina hilo.

Turudi dukani, kwenye moto. Hawana ile mitambo ya viwandani inayopitisha maziwa kwenye joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wana tangi la chuma cha pua lenye kuta mbili, maji ya moto yanazunguka katikati, na pangaboi la kukoroga. Njia hiyo inataka nyuzi 63 kwa nusu saa kamili, na ni njia halali kabisa mradi mtu asikate kona.

"Mnafika nyuzi ngapi mwanangu?"

"Tunaenda mpaka 65 mama, ndipo naanza kuhesabu nusu saa."

"Kwa nini 65?"

"Nikifungua kuangalia zinashuka kidogo."

Nilimpenda sana huyu kijana. Nikamuuliza mbona kifuniko hakiondoki, akasema aliyemfundisha alimwambia povu la juu linabaki na ubaridi wakati maziwa ya chini yameshaiva, kwa hiyo ukiacha wazi unapasteurisha chini na kubakiza vijidudu juu. Ni kweli tupu, na nimewahi kuona vituo vikubwa vyenye watu wa shahada wasiolijua hilo. Baada ya moto maziwa yanashuka haraka kwenye tangi la baridi, na kipimajoto cha nje kilisoma 4. Umeme ukikatika wana jenereta nyuma. Nililisikia likiwaka, si la maonyesho.

Wanachokosa ni kipimo cha fosfatasi. Hiki ni kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa mabichi ya kila ng'ombe, na bahati nzuri kinakufa kwenye joto lile lile linaloua vijidudu vibaya. Ukipima maziwa yaliyotoka kwenye moto ukakikuta bado kipo, basi ama moto haukutosha, ama kuna mtu amechanganya mabichi kwa nyuma. Nimemwambia mwenye duka. Akasema ataulizia bei.

Malalamiko yangu ya kwanza yako kwenye kaunta. Pale chini ya mashine kuna ndoo ya maji baridi. Mteja anakuja na chupa yake, nyingi ni chupa za maji ya kunywa zilizotumika, dada anaitumbukiza kwenye ndoo, anatikisa, anamwaga, anaiweka chini ya koki. Anakuja mwingine, ndoo ile ile. Nilipanga foleni nikiwa mtu wa tano au sita na maji yalikuwa yameshakuwa meupe. Jamani! Kijana wa ndani amehangaika nusu saa kuua kila kitu, halafu nje tunawapandikiza upya kwa maji ya ndoo. Maziwa yaliyopita motoni hayana kinga dhidi ya kinachoingia baadaye; wale bakteria wa kuchachusha ambao wangeshindana na mgeni wameshakufa nao. Chupa yenye mabaki ya jana ni shamba lililolimwa tayari.

Dawa yake ni rahisi kwa mnunuzi. Nenda na chombo chako cha mdomo mpana, kioshwe nyumbani kwa sabuni na maji ya moto, kikauke kimepinduliwa, na mwambie dada asikitumbukize. Mimi nilimwambia. "Binti yangu, changu usikioshe." Akashangaa, kisha akacheka. "Mama, wewe ni wa kwanza kukataa kuoshewa."

Nikamuuliza pia ile koki inafunguliwa lini. Akasema kila Jumapili. Haitoshi hata kidogo. Ndani ya koki kuna mpira mdogo wa kuzuia uvujaji, na nyuma yake maziwa yanalala usiku kucha. Ukipapasa kwa kidole utahisi utando telezi, na utando huo ukishajijenga hautoki kwa kupitisha maji ya moto, unataka kusuguliwa. Koki inafunguliwa kila siku wakati wa kufunga duka. Hii ni kazi ya dakika 10. Kwa sababu hiyo nashauri msinunue ile lita ya kwanza kabisa asubuhi. Acheni wengine wafungue, samahani kwao.

Mtindi sasa. Nimekula mtindi wa Tanga, wa Iringa, wa Njombe, na ule wa kienyeji wa nyumbani kwetu, na huu wa Sakina hauko nyuma ya hata mmoja. Mzito, hauna maji yanayoelea juu, uchachu wake unakuja polepole. Wanautengeneza kwa maziwa yaliyokwisha pita motoni, wanapoza, wanatia kimea maalumu cha bakteria wazuri na kuacha ugande usiku. Hii ni tofauti kubwa na kuacha maziwa mabichi yajigandie yenyewe kwa bakteria wowote waliokuwa jirani. Watu wanadhani uchachu unaua kila kitu. Unapunguza, ndiyo, lakini brusela anaweza kuvumilia siku kadhaa kwenye mgando wa maziwa mabichi, na kuna aina ya E. koli, bakteria wa utumboni, ile wanayoiita O157, inayostahimili uchachu vizuri tu.

Kijana alinisimulia kwamba kuna pipa zima lilikataa kuganda. Walifuatilia wakakuta mfugaji mmoja alikuwa amemchoma sindano ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, na hakungoja siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuleta maziwa. Dawa iliua kimea. Wakalimwaga pipa. Duka linalokubali hasara ya pipa zima naliheshimu, hasa najua wapo ambao wangeyaongeza sukari na rangi wakayaita kinywaji kingine.

Asubuhi hapo nje ya duka wanakaa pia kina mama wa Kimaasai na vibuyu vyao, na watu wananiuliza kama navisema vibaya. Hapana. Kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mti wa oloirien kina ladha ambayo mashine haitaipata, na ule moshi unapunguza vijidudu kwa kiasi fulani. Nanunua, nachemsha, basi. Ladha ya moshi inabaki hata ukichemsha.

Na sasa lile kabati la kioo. Kuna jibini za aina mbili. Moja ni ngumu, ya duara, imepakwa nta nyekundu, wanasema ina miezi 3 na zaidi. Nyingine ni laini, nyeupe, yenye unyevu, imefungwa kwa karatasi ya plastiki na imeandikwa siku ya juzi. Nilionjeshwa ile ngumu kabla sijauliza chochote, na ni tamu, ina ule ukakasi mdogo unaobaki kwenye ulimi. Nilipoletewa ile laini nikauliza kwanza imetengenezwa na maziwa gani.

Dada akajibu kwa fahari: "Mabichi mama, ndiyo maana ina ladha."

Nikaomba kuonana na mwenye duka. Mzee mstaarabu, akanikaribisha ndani na chai. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nauliza kila kituo nilichopelekwa kukagua: baba, siku maziwa yakizidi uwezo wa tangi mnafanyaje? Akanijibu bila kuficha kitu, na ndiyo maana nasema ni mtu wa kusikia. Tangi lao linabeba kiasi fulani, asubuhi za masika maziwa yanakuja zaidi, na yale ya ziada hayapelekwi motoni. Yanakwenda kwenye jibini. Yanapashwa kidogo mpaka kama nyuzi 32, yanatiwa dawa ya kugandisha, basi. Nyuzi 32 ni joto la mchana wa Dar es Salaam. Haliui kitu.

Nikamsimulia habari ya Los Angeles mwaka 1985. Kiwanda kimoja cha huko kilikuwa kinatengeneza jibini laini ya aina ya Meksiko, na maziwa yaliyokuwa yanaingia yalikuwa mengi kuliko uwezo wa mtambo wao wa kupasteurisha. Wachunguzi walipopima jibini walikuta fosfatasi, ile ile niliyoitaja, yaani mabichi yalikuwa yamechanganyika. Waliougua kwa bakteria aitwaye listeria katika kaunti ile walikuwa 142, na 93 kati yao walikuwa wajawazito na watoto wao wachanga. Vifo 48, ukihesabu na mimba zilizotoka. Listeria ana tabia mbaya kuliko wenzake: friji haimsimamishi, anaendelea kuongezeka humo humo kwenye ubaridi, na jibini laini yenye unyevu na uchachu mdogo ndiyo kitanda chake. Mama mjamzito anaweza kupata homa ndogo tu ya mafua, kisha wiki kadhaa baadaye mtoto akaondoka.

Mzee akaniuliza: mbona Wazungu wanakula jibini ya maziwa mabichi na hawafi? Ni swali zuri. Wanakula, ndiyo. Parmigiano ya Italia ni ya maziwa mabichi, lakini vipande vyake vinapikwa mpaka nyuzi 55 hivi, vinatiwa chumvi, na gurudumu linakaa angalau miezi 12 likikauka mpaka mdudu hana maji ya kunywa. Hiyo na jibini ya juzi yenye kuvuja maji ni vitu viwili tofauti. Marekani wana sheria ya kwamba jibini ya maziwa mabichi ikae siku 60 kwanza, na hata hiyo haizibi kila tundu: mwaka 2010 kuna jibini ya Gouda ya maziwa mabichi iliyouzwa kule ikawaambukiza watu 38 ile E. koli ya O157. Ndiyo sababu hata ile ngumu ya nta nyekundu naila kwa kipande, na mtoto mdogo simpi.

Jambo moja la mwisho juu ya maziwa, kwa sababu nimeona linasahaulika. Kuna bakteria wa majipu na vidonda vya mikono, stafilokoka, ambaye akiachwa azaane kwenye maziwa yenye joto anatoa sumu. Ukichemsha, yeye anakufa, sumu inabaki. Kwa hiyo kusema "nitachemsha tu jioni" kwa maziwa yaliyoshinda kwenye gari toka asubuhi si mpango. Chemsha mapema, kisha tia sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, ndipo uweke frijini. Wa mapokezi pale Sakina alikuwa na kidonda kidoleni na alikuwa amevaa glavu. Nimeliona, nimeliandika.

Nimerudi tena baada ya mazungumzo yetu na mzee. Ndoo imeondolewa, wameweka chupa zao mpya kwa shilingi 300. Koki bado ni ya Jumapili. Jibini laini bado iko kabatini, ila amechukua kalamu akaandika kwenye karatasi "maziwa mabichi", kwa hati ndogo sana, upande wa nyuma. Anasema anatafuta tangi la pili. Akilipata na jibini ikapita motoni nitahariri maandishi haya, na nadhani nitakuwa mteja wa kwanza, kwa sababu mkono wa mtengenezaji ni mzuri kweli.

Wanafungua saa 1 asubuhi, mtindi unaisha kabla ya saa 5. Lipa kwa simu au uwe na chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi wanakuangalia tu.